"Alikuja mwenyewe": kwa nini utetezi huu haumwokoi aliyetorosha mtoto

Kijana akikamatwa akiwa na binti wa watu, maneno ya kwanza kituoni huwa ni hayo: alikuja mwenyewe. Mara nyingi anasema kweli. Shida ni kwamba kosa analoshtakiwa nalo halikutungwa kulinda hiari ya binti. Linalinda mamlaka ya anayemlea.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara inasema hivi kwa ufupi: ukimchukua au ukimshawishi mvulana aliye chini ya miaka 14, au msichana aliye chini ya miaka 16, aondoke kwa mlezi wake halali bila ridhaa ya mlezi huyo, umemteka. Kifungo ni hadi miaka 7. Ridhaa inayotafutwa ni ya mlezi, kwa hiyo barua za mapenzi za binti, hata zikijaa meza ya hakimu, hazijibu shtaka.

Zinaweza kusaidia kwenye jambo jingine, nalo ndilo tunalobishania sana mawakili: je, mshtakiwa alichukua au kushawishi? Kesi ninayoirudia ni S. Varadarajan dhidi ya Jimbo la Madras, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India mwaka 1964. Msichana wa chuo, aliyebakiza kama wiki sita kutimiza miaka 18 (ndio ukomo wa kosa hili kwa wasichana India wakati huo), alihamishiwa na baba yake kwa ndugu ili aachane na kijana wa jirani. Kesho yake akatoka, akampigia kijana simu, akamwambia wakutane barabarani, wakaenda kuandikisha makubaliano ya ndoa. Mahakama ilimwachia kijana. Ilisema kumchukua mtoto si sawa na kumkubali afuatane nawe, pale ambapo yeye mwenyewe ameshaondoka na anaelewa anachofanya. Ila kama uliwahi kumchochea siku za nyuma aondoke, hata usipofika mlangoni kwao, umeshawishi. Hapo ahadi ya ndoa au nauli uliyomtumia kwa simu inaweza kukufunga.

Uamuzi huo haulazimishi mahakama zetu, lakini una uzito, maana maneno ya kosa hili tuliyarithi kutoka Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860. India walipandisha umri hadi 16 kwa wavulana na 18 kwa wasichana mwaka 1949, na sheria yao iliyoanza Julai 2024 inataja miaka 18 kwa wote. Sisi tumebaki na umri wa zamani. Naona ni aibu ya kisheria.

Sasa, wapo wanaosikia "chini ya 16" wakadhani kutoroka na binti wa miaka 17 hakuna kesi. Hapo naomba msomaji anisikilize vizuri. Wakishalala pamoja, shtaka linageuka kuwa ubakaji, na kwa ubakaji ridhaa ya aliye chini ya miaka 18 haihesabiki. Kifungo hakipungui miaka 30. (Mshtakiwa mwenye miaka 18 au pungufu, kwa kosa la kwanza, ana adhabu yake nyepesi zaidi.) Binti akiwa mwanafunzi wa msingi au sekondari, kumuoa au kumpa mimba ni kosa tangu Sheria ya Elimu irekebishwe mwaka 2016, na wanaosaidia ndoa hiyo nao wanashtakiwa. Kenya hali ni karibu hiyohiyo: aliyelala na binti wa miaka 16 au 17 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15.

Wengine hutoroka kwa sababu nyumbani wanapigwa, au mahari imeshapokelewa kwa mzee wasiyemtaka. Binti wa namna hiyo akibisha hodi kwako usiku, usimfiche na usimrudishe kimyakimya. Mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, asubuhi hiyohiyo, na uhakikishe taarifa imeandikwa.