Kichanga mkononi, mkubwa mlangoni: hisia za mama baada ya kupata mtoto wa pili

Mama aliyejifungua mtoto wa pili huulizwa habari za kidonda, maziwa na damu. Ni nadra kuulizwa anajisikiaje anapomtazama mtoto wake mkubwa, na hapo ndipo wengi huumia kimyakimya. Mkubwa anakuja mbio kumkumbatia, na mama badala ya kufurahi anashtuka. Yule aliyemwacha juzi akiwa mdogo leo anaonekana mkubwa mno, mikono mizito, sauti kali. Siku mbili tatu baadaye mama anamkaripia kwa jambo dogo, kisha anajifungia chooni na kulia kwa kujilaumu.

Hali hiyo haina maana kwamba mapenzi yamehama. Kondo la nyuma likishatoka, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka kwa kasi ndani ya siku chache, na hisia huyumba pamoja nazo. Wakati huohuo mama anakuwa macho kumlinda yule aliye dhaifu zaidi, kiasi kwamba mtoto wa miaka miwili anayeruka kitandani huonekana kama hatari. Wapo pia wanaowanyonyesha wote wawili na kushikwa na kero kali mkubwa anapolishika titi. Kero hiyo huja akianza kunyonya na huondoka akiachia. Mama asiyeijua hudhani amemchukia mwanawe.

Kuna na uchovu wa aina mpya. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana. Kwa mtoto wa kwanza mama aliweza kulala kichanga kilipolala. Safari hii kichanga kikilala, mkubwa yu macho na anataka kucheza.

Majonzi nayo yapo, na tunasisitiza yatajwe kwa jina lake. Kipindi cha mama na mtoto mmoja kimekwisha, na kukililia si utovu wa shukrani. Wengine huumia kwa upande wa pili: wanaona hawajampenda huyu mpya kama walivyompenda wa kwanza. Mapenzi kwa mtoto wa pili mara nyingi hukua polepole, kwa wiki kadhaa za kumshika, kumnyonyesha na kumjua, na mama asijipime kwa siku ya kwanza.

Kwa mkubwa, mengi hutegemea umri. Aliye chini ya miaka miwili haelewi habari ya mdogo wake. Anachohisi ni kwamba mama hapatikani, hivyo hung'ang'ania nguo na kulia akiachwa. Wa miaka miwili hadi minne ndiye anayetaabika waziwazi. Aliyekwisha acha nepi anaanza tena kujikojolea, anaongea kitoto, anataka kulishwa, anaamka usiku. Hii ni namna yake ya kuuliza kama nafasi yake bado ipo, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache asipoaibishwa. Akitaka kubebwa kama kichanga, abebwe. Akiomba titi baada ya kuliacha, mama ana hiari: wengi huonja mara moja na kuondoka, na anayekataa anaweza kumkumbatia badala yake. Akiwa bado ananyonya, kichanga kitangulie, hasa siku za mwanzo ambapo yale maziwa ya njano ni machache. Mtoto wa miaka mitano na kuendelea anaweza kuwa mtulivu kupita kiasi, msaidizi asiyelalamika. Huyo naye aangaliwe, kwa kuwa watu husahau kumuuliza.

Mabadiliko mengine makubwa yasirundikwe hapo. Kumwachisha nepi, kumhamishia kitanda kingine au kumwanzisha shule kufanyike miezi miwili kabla ya uzazi, au kusubiri miezi michache baadaye. Akihamishwa kitanda wiki ileile kichanga kilipofika, atajua nani amechukua nafasi yake.

Siku ya kwanza ya kuonana, mtu mwingine ashike kichanga ili mikono ya mama iwe wazi kumpokea mkubwa. Aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko kichanga chake kwa takriban wiki sita za mwanzo, na mkubwa huona kwamba mama amekataa kumbeba. Mama aketi, aweke mto juu ya kidonda, mtoto apande mwenyewe na kuketi ubavuni.

Saa za kunyonyesha ndizo zenye ugomvi mwingi, kwa sababu mkubwa ameshagundua kwamba mama akikaa pale hawezi kusimama. Kabla ya kukaa, mkubwa apelekwe chooni, apewe maji na kitu cha kula, na utolewe mfuko wa vitu vya kuchezea ambao huonekana wakati huo tu kisha hufichwa. Lugha nayo ina uzito. “Siwezi, mtoto ananyonya” ikirudiwa mara ishirini kwa siku, kichanga kinakuwa ndicho chanzo cha kila katazo. Afadhali “mikono yangu imeshika kitu, nikimaliza nakuja,” na mama aje kweli. Na mara mojamoja kichanga nacho kiambiwe kwa sauti, mkubwa akisikia: “Subiri kidogo, namfunga dada yako kiatu.” Kichanga kilichoshiba na kilicho salama hakidhuriki kwa kulia dakika mbili.

Dakika 10 hadi 15 kila siku za mama na mkubwa peke yao, bila simu, mtoto mwenyewe akichagua mchezo, zina nguvu kuliko siku nzima ya kuwa chumba kimoja. Zipewe jina na saa yake, zisifutwe kama adhabu. Hapa wasaidizi nyumbani hukosea kwa nia njema: humchukua mkubwa na kumpeleka mbali “mama apumzike”. Kila siku ikiwa hivyo, mtoto hujifunza kwamba mgeni kafika na yeye kaondolewa. Kichanga kikishanyonya, baba au ndugu akichukue yeye, mama abaki na mkubwa. Kisha wote wawili wachukuliwe ili mama alale saa mbili au tatu mfululizo.

Mkubwa akimpiga mdogo, ukamatwe mkono kabla haujafika, maneno yawe machache: “Sikuruhusu kumpiga. Umekasirika, njoo hapa.” Asilazimishwe kumbusu wala kusema anampenda. Na asiachwe peke yake na kichanga hata kwa dakika moja, awe mpole vipi; mtoto mdogo anaweza kukilisha kitu kigumu, kukivuta au kukilalia kwa upendo mtupu. Usiku kichanga kilale chali, mahali pake penye godoro gumu, bila mito na bila mkubwa kando yake.

Kilio cha kichanga huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita, na hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Maana yake siku ngumu zaidi hufika wakati wageni wamekwisha ondoka, kwa hiyo msaada ugawanywe, usimalizike wiki ya kwanza. Hasira ikipanda, kichanga kilazwe chali mahali salama, mkubwa aachwe penye usalama, mama atoke kwa dakika tano hadi kumi. Kichanga kisitikiswe kamwe, kwani ubongo wake unaweza kuvuja damu. Na aliyemfokea mkubwa amrudie: “Nimekupigia kelele. Si kosa lako, nilichoka.” Mtoto wa miaka miwili anaielewa sauti hiyo, hata kama maneno yote hayamfikii.

Machozi na kuyumba kwa hisia huanza karibu na siku ya tatu na huisha ndani ya wiki mbili. Huzuni, wasiwasi au ganzi ya moyo inayopita wiki mbili yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa mama wa mtoto wa pili hujificha vizuri: anaosha, anapika, ananyonyesha, na watu husema ni mzoefu, kumbe hana ladha ya kitu chochote na hasira yake yote inamwangukia mkubwa. Kliniki nyingi hutumia Kipimo cha Edinburgh cha mwaka 1987 kutafuta dalili za sonona, maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita. Alama 13 na zaidi kati ya 30 huhitaji uchunguzi wa karibu, na anayekiri kuwa amewaza kujidhuru azungumze na mtaalamu siku hiyohiyo, jumla yake iwe ngapi. Tiba ni ushauri nasaha, na dawa inapohitajika. Zipo dawa zinazotumika mama akiendelea kunyonyesha.

Picha za kutisha zinazopita akilini, kwa mfano mkubwa akikiangusha kichanga, huwapata akina mama wengi, na anayezichukia na kuziogopa ana wasiwasi, hajarukwa na akili. Tofauti kabisa ni mama asiyelala na asiyechoka, anayeongea haraka, anayesikia sauti au kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Hii hutokea kwa mama mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na watoto.

Aliyeugua sonona baada ya mtoto wa kwanza amwambie mkunga tangu ujauzito, maana uwezekano wa kuugua tena ni mkubwa zaidi. Mpango uandikwe kabla ya kujifungua: nani atalala na mkubwa, nani atashika kichanga alfajiri, na mama atapimwa tarehe ipi.