Nani alimuuliza mtoto kwanza?

Mtoto wa miaka saba aliingia chumbani kwa hakimu ameshika pindo la gauni la shangazi yake. Akamwamkia hakimu shikamoo, kisha akatuamkia wote mmoja mmoja, hadi karani. Nilikuwa wakili wa utetezi. Mshtakiwa ni jirani yao. Mwendesha mashtaka alipomuuliza kilichotokea, alijibu bila kusita: "Alinidhalilisha kijinsia."

Nikakaza masikio. Watoto niliowasikia miaka yote husema "alinifanyia tabia mbaya", au huonyesha kwa kidole. Hilo alilosema yeye ni neno la jalada la polisi. Si kwamba alidanganya. Ila kuna mtu mzima aliyempa neno, na nilitaka kujua kama alimpa na tukio lenyewe.

Sheria yetu ya Ushahidi hapa Tanzania, katika kifungu tulichokizoea kwa namba 127, inamhesabu asiyezidi miaka 14 kuwa mtoto wa umri mdogo. Zamani hakimu alipaswa kwanza kumhoji aone kama anaelewa kiapo na wajibu wa kusema kweli, kisha aandike alichobaini. Wengi waliruka hatua hiyo, na hukumu zikaanguka kwenye rufaa. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaelekeza maswali mepesi ya kuanzia: una miaka mingapi, dini yako ipi, unajua kiapo ni nini, unaahidi? Na katika makosa ya kujamiiana, neno la mtoto aliyetendewa linatosha peke yake kumtia mtu hatiani, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli.

Sipingi hilo, matendo haya hayafanyiki mbele ya watu. Tatizo langu ni kwamba ahadi inapima nia tu. Mtoto anaweza kuahidi, akatimiza ahadi yake kwa moyo safi, na bado akaeleza kisichotokea.

Watafiti wa saikolojia Leichtman na Ceci walilionyesha hilo Marekani mwaka 1995. Mgeni aitwaye Sam Stone alipita darasani kwa watoto wadogo dakika mbili, hakuharibu kitu. Baadhi walikuwa wameshaambiwa kwamba ni mtu wa kuvunjavunja vitu, kisha wakahojiwa mara kadhaa kwa maswali elekezi, yale yanayobeba jibu ndani yake. Kati ya hao, asilimia 72 ya wenye miaka 3 na 4 walisema aliharibu kitabu au mwanasesere. Ambao hawakupandikizwa lolote, walipoachwa wasimulie wenyewe, hakuna aliyemsingizia.

Ndiyo maana natafuta nani alimhoji mtoto na alimuulizaje, sihangaiki na tarehe. Wenzangu hupenda kumbana mtoto kwa "ilikuwa tarehe ngapi?", kana kwamba ana kalenda. Akisema "nilikuwa natoka kuchota maji, adhana bado", hiyo kwangu ni kumbukumbu nzuri.

Zamu yangu ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa mashtaka, ilipofika, nikainama kidogo.

"Nani alikuuliza kwanza, mwanangu?"

"Mama."

"Alikuulizaje?"

"Alisema, ni yule baba wa pale, eeh? Nikasema hapana. Akaniuliza tena."

Hakimu aliandika polepole. Mama alikuwa shahidi wa kwanza, wiki mbili nyuma. Nikafungua kumbukumbu zangu za siku ile: hakuna aliyemuuliza jinsi alivyomhoji mwanawe. Hata mimi. Nikasimama kuomba aitwe tena.