Mikato ya Kibodi Haikaririwi: Dhana Potofu za Ofisini

Katika mafunzo ya kompyuta ninayotoa kwa watumishi wa ofisi hapa Dodoma, kuanzia Mji wa Serikali Mtumba hadi ofisi za kata, hakuna kauli inayonichosha kama hii kuhusu mikato, yaani vitufe vinavyobonyezwa kufanya kazi badala ya kipanya: "Mwalimu, mikato ya kibodi siiwezi, ni mingi mno kuikariri." Mara nyingi msemaji ana orodha ya mikato mia moja aliyoichapisha steshenari, akaifunga kwa plastiki na kuibandika ukutani, ilhali mkono wake wa kulia haubanduki kwenye kipanya tangu asubuhi hadi jioni. Ningekuwa na mamlaka ningezibandua karatasi hizo zote.

Mikato haikaririwi, kwa sababu programu yenyewe humwonyesha anayeitafuta. Ukiwa ndani ya Word au Excel ya Windows, bonyeza Alt na kuiachia, na herufi zitatokea juu ya kila kichupo (Home, Insert na vinginevyo). Bonyeza H, na kila kitufe cha kichupo cha Home kitapata herufi yake. Katika Excel, anayetaka kubandika tarakimu bila fomula zake atabonyeza Alt, H, V, V, moja baada ya nyingine wala si kwa pamoja, na akifanya hivyo siku mbili tatu hatahitaji tena kuzitazama herufi hizo. Vilevile, kishale cha kipanya kikitulia juu ya kitufe, mara nyingi mkato wa kitufe hicho hujitokeza.

Kinachopaswa kujulikana, basi, ni kazi gani unairudia zaidi kwa siku. Tuchukue afisa mwenye jedwali la wakulima wa zabibu lenye safu mlalo 3,000, anayetaka kuchagua safu wima nzima ya kilo. Huburuta kipanya hadi kimpite mwisho, hurudi juu, kidole huteleza, na huanza upya. Angeweka kishale kwenye seli ya kwanza ya kilo na kubonyeza Ctrl, Shift na mshale wa chini kwa pamoja, kazi ingekuwa imekwisha. Hapo ndipo ninapoambiwa kwamba mkato "umegoma" katikati ya jedwali. Haukugoma: umekuta seli tupu, na Excel husimama pale data inapokatika. Mara nyingi seli hiyo ni mkulima aliyeandikwa jina bila kilo, na aliyeburuta kipanya amempita bila kumwona. Kosa hilo lina gharama, kwa maana Alt pamoja na alama ya sawasawa, inayoleta fomula ya jumla, nayo hukusanya tarakimu za juu yake hadi inapokuta pengo, na jumla hutoka pungufu.

Ushauri wangu, na katika hili simbembelezi mtu, ni kuchagua mkato mmoja kwa wiki na kukiweka kipanya upande wa pili wa meza kwa nusu saa ya kwanza ya asubuhi.

Wengine husema kwamba ukishahifadhi huwezi kutendua. Unaweza: Ctrl na Z huendelea kufanya kazi baada ya kuhifadhi maadamu hujalifunga faili, na Excel hukurudisha nyuma hadi hatua 100. Wapo wanaoamini kwamba kompyuta huhifadhi yenyewe. Hilo ni kweli kwa faili lililo OneDrive au SharePoint, hifadhi za mtandaoni za Microsoft, lakini lililo kwenye diski ya mashine hutegemea nakala ya dharura ambayo kwa kawaida hutunzwa kila baada ya dakika 10, na umeme ukikatika dakika ya tisa kwenye kompyuta isiyo na UPS (betri ya akiba), utaandika upya. Ctrl na S baada ya kila aya haimchoshi mtu. Na laptopu ambayo F2 yake, ile ya kuhariri seli katika Excel, hubadilisha mwanga au sauti si mbovu, shikilia Fn unapoibonyeza.

Kwamba haya ni mambo ya vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nalikataa kabisa. Kukata, kunakili na kubandika kulibuniwa na Larry Tesler na Tim Mott katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, Marekani, katika miaka ya 1970, na makatibu muhtasi waliojifunza kwa taipureta ndio wanafunzi wangu wepesi kuliko wote, kwa sababu vidole vyao havijazoea kuondoka kwenye vitufe.

Mkato mmoja pia haufanyi kazi ileile kila mahali: Ctrl na D katika Excel hujaza seli kwa kilicho juu yake, katika Word hufungua dirisha la fonti. Wala kunakili hakuishii kwenye kitu kimoja, kwani tangu 2018 Windows 10 ina kumbukumbu ya vitu hadi 25 inayofunguliwa kwa kitufe cha Windows na V, ikishawashwa. Katika kompyuta mnayotumia wengi msiiwashe, maana nywila iliyonakiliwa asubuhi itasomwa na atakayeketi hapo mchana.