Makusudi, kukusudia na kusudio

Ndani ya daladala ya Mbagala, abiria akikanyagwa mguu hulalamika: "Umenikanyaga makusudi!" Naye mwenzake hujibu upesi, "Samahani dada, si makusudi." Katika mazungumzo ya kila siku Dar es Salaam, makusudi limebeba lawama: mtu kajua, kataka, kafanya, tena kwa ubaya. Ni nadra kumsikia mtu akishukuru kwamba amesaidiwa makusudi.

Kusudi lenyewe, neno lenye asili ya Kiarabu, halina ubaya wowote. Ni nia, lile jambo mtu alilolipanga kabla ya kulitenda: "Kusudi la mkutano ni kuchagua viongozi." Hutumika pia kama kiunganishi: "Amewahi kituoni kusudi apate kiti." Ukishasema kusudi, ili haina kazi tena, kwa hiyo "ili kusudi" ni kurudia maana.

Penye shida hasa ni kitenzi. Shina lake ni kusudia, na ile ku ya mwanzo ni sehemu ya shina. Ndiyo maana tunasema amekusudia, hakukusudia, kukusudia. Wengi huona ku moja imezidi, wakaandika "bila kusudia". Sahihi ni bila kukusudia.

Usahihi huu una uzito, hasa tangu mwaka 2021 sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha kuua kwa kukusudia, ambako adhabu yake ni kifo, na kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Na kukusudia kwa mahakamani si kule kwa daladalani. Aliyedhamiria kumjeruhi mwenzake vibaya, bila kutaka afe, mwenzake akafariki kwa majeraha hayo, anaweza kutiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Wala si lazima awe alimchukia marehemu.

Kusudio nalo lina mahali pake, nalo halina lawama ndani yake. Anayetaka kuishtaki Serikali hutoa kwanza notisi ya kusudio la kushtaki, ya siku zisizopungua 90. Anayetaka kukata rufaa naye hueleza kusudio lake.

Kwa hiyo unapoandikisha maelezo polisi, usitosheke na "alinifanyia makusudi". Sentensi hiyo inataja hasira yako, haionyeshi nia ya mtu. Eleza ulichokiona na kukisikia: alisema "leo utanitambua", akarudi nyuma, akaokota tofali, akalenga kichwani, likakupata begani. Mpelelezi na hakimu watapima nia kutokana na mambo hayo: maneno aliyoyatamka kabla, silaha aliyoichagua, sehemu ya mwili aliyoilenga, na alichokifanya baada ya kukuona umeanguka.