Paa wa Sultani Darai na mipaka ya uwezo wake

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watoto, na mswada unaonichosha upesi kuliko yote ni ule wenye mnyama anayeweza kila kitu. Simba akishaweza kuruka angani, kutoweka na kujua siri za adui, hatari imekwisha, na msomaji hana sababu ya kufunua ukurasa wa pili. Waandishi wanaoniletea miswada ya namna hiyo huwashauri wasome kisa cha Sultani Darai, ngano ya Unguja iliyochapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere.

Maskini mmoja anayechakura jaani akitafuta punje za mtama anaokota thumuni, na kwa fedha hiyo anamnunua paa. Paa huyo anasema kama binadamu, lakini mengine yake yote ni ya paa: anasikia njaa, anachoka, na kwa kuwa mtama hauwatoshi wawili, anaomba ruhusa ya kwenda malishoni mchana na kurudi jioni. Huko anaiona almasi, na hapo ndipo pa kusoma taratibu, maana kabla ya kufurahi anapiga hesabu: akimpelekea bwana wake mali kama hiyo, watu watamuuliza fukara yule ameipata wapi, naye hatakuwa na la kujibu. Basi anaifunga kwa majani, anampelekea sultani wa mbali kama zawadi kutoka kwa Sultani Darai, yaani yule bwana wake maskini, kisha anamposea bwana wake binti wa sultani huyo. Muujiza ni ule usemi. Yanayofuata ni akili, ambayo mtoto anaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Ushujaa wake nao una kikomo. Baada ya kulikata vichwa joka lenye vichwa saba, anazirai, na bibi kizee ndiye anayemhudumia hadi azinduke.

Halafu paa anaugua. Bwana aliyekwisha kutajirika anaagiza apewe uji wa mtama, akifa anatupwa kisimani, na hatimaye tajiri huyo anajikuta yuko jaani tena, anachakura. Wapo wanaotaka sehemu hii ifutwe katika matoleo ya watoto. Mimi huiacha, kwa kuwa ugonjwa ule ndio unaoonyesha kwamba paa alimtegemea bwana wake kama bwana alivyomtegemea yeye. Kwa wasomaji wadogo sana, ninachokubali kupunguza ni kile kisima.