Kabla ya kuchagua programu ya bakapu, jiulize utaifungulia kwa kompyuta gani

Programu ya bure ya bakapu, yaani ya kuweka nakala ya vitu vyako mahali pengine, usiende kuitafuta mbali, kuna uwezekano iko ndani ya hiyo laptopu yako saa hii na hujawahi kuifungua. Wanaokuja kwa dawati letu la ICT hapa Nairobi huwa wanataka tuwatajie jina moja tu, wadaunlodi, waende zao. Sisi tunawauliza kwanza, hii laptopu ikiibwa kwa matatu ama stima irudi kwa nguvu iichome, utanunua gani ingine? Manake wengi wetu tunanunua ex-UK kulingana na vile mfuko umeamka, leo ni Mac, kesho ni HP ya Windows, kesho kutwa fundi anakuambia hii ni nzee acha nikuwekee Ubuntu, hiyo ni aina ya Linux, na bakapu ya ile ya kwanza si lazima ifunguke kwa hii ya pili.

Chukua Time Machine, inakuja na Mac tangu 2007 na hulipi kitu. Ukiipa diski ya nje inaweka nakala za kila saa kwa masaa 24 yaliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, halafu za kila wiki mpaka diski ijae ndiyo ianze kufuta zile za zamani zaidi. Apple wanashauri diski iwe na nafasi angalau mara mbili ya ile ya Mac yako. Kwa urahisi sijaona inayoishinda. Lakini sasa ona, mtu anachomeka ile diski alikuwa anatumia na Windows, iko na picha za harusi na video za kwaya, Mac inauliza kama aitumie kwa Time Machine, na ili iitumie lazima iifute kwanza iifomati kwa mtindo wake. Onyo liko hapo kwa skrini lakini watu wanabonyeza ndio, ndio, ndio kama mtu anachukua mkopo kwa simu. Na hiyo diski ikishakuwa ya Time Machine, Windows peke yake haiwezi kuisoma, huenda hata ikakuambia uifomati. Ukiona hivyo chomoa, usibonyeze chochote.

Kwa Windows kuna File History, kwa Windows 11 wameificha huko Control Panel lakini bado ipo. Hii naipenda kwa sababu moja, inahifadhi faili zikiwa faili za kawaida tu, jina limeongezewa tarehe na saa, kwa hivyo hata ukiishia kwa Mac ama Linux unachomeka diski na kuzifungua moja moja. Haichukui Windows yenyewe wala programu zako, ni vitu vyako tu kama dokumenti, picha na vile viko kwa desktop. Usiichanganye na ile inaitwa Windows Backup, hiyo inapeleka vitu OneDrive ambako bure ni gigabaiti 5, video za ruracio tu zinamaliza.

Watu wa Linux nao wanaingia mtego wa Timeshift. Wanaiwasha, wanalala fofofo, kumbe yenyewe kazi yake ni kurudisha mfumo na usipoibadilisha haigusi folda yako ya home, pale faili zako zinakaa. Vitu vyako viwekee Déjà Dup, hiyo ndiyo programu ya bakapu ya faili.

Kama hujui mashine ijayo itakuwa ya aina gani, ama ofisi iko na mchanganyiko, tumia Duplicati au restic, zote ni bure na zinafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Duplicati inafungukia kwa brauza, restic ni ya kuandika amri, hiyo waachie wenye roho ngumu. Restic inafunga data kwa paswadi, na Duplicati pia ukiiruhusu, na paswadi hiyo ikipotea hakuna fundi wa Nairobi wala wa Marekani atakufungulia, kwa hivyo iandike kwa karatasi uweke pale unaweka cheti cha kuzaliwa.

Clonezilla ni ya kunakili diski nzima na inawaka kutoka kwa flashi, ni ya mafundi zaidi. Macrium Reflect ya bure, nayo ya kunakili diski, ambayo bado watu wanaambiana, hiyo achaneni nayo, haipati marekebisho ya usalama tangu 1 Januari 2024.

Na jamani, Google Drive inayosinki folda yako si bakapu. Ukifuta faili kwa laptopu inafutika na huko, inakaa kwa takataka siku 30 halafu basi. Diski nayo ukimaliza ichomoe, vairasi za kufunga faili na kudai pesa hufunga kila kitu zinachoweza kufikia, pamoja na bakapu iliyochomekwa.

Bado kuna hiyo diski au flashi yenyewe. Zile za bei ya kushangaza, terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana, nyingi zimedanganywa, zinaonyesha nafasi ambayo haipo na faili zinaingia vizuri tu mpaka siku ya kuzitoa. Kabla hujaweka kitu ndani, ijaze yote kwa programu ya kupima nafasi, H2testw ukiwa kwa Windows, ama F3 kwa Mac na Linux, zote za bure. Inachukua masaa, iache usiku, na kama asubuhi imerudisha pungufu ya kile kimeandikwa juu yake, irudishe dukani na risiti yako.