Pazia zito halipoozi chumba

Wengi wanaojenga Dar es Salaam huamini kwamba chumba cha watoto kikielekea magharibi, dawa yake ni pazia zito jeusi. Sivyo. Jua likishapenya kioo, joto limeshaingia. Pazia jeusi hulinyonya, kisha hulitoa humo humo chumbani. Kinachozuiwa hasa ni mwanga. Jua la alasiri huja likiwa chini, hata upenu mrefu haulizibi, kwa hiyo kivuli kianzie nje: mti, au pazia la mianzi mbele ya dirisha. Kwa ndani, kitambaa chenye mgongo mweupe kinasaidia kidogo. Bora zaidi, upande huo peleka bafu na stoo, vyumba vya kulala vihamie mashariki. Na madirisha yawe kwenye kuta mbili, upepo upite. Fundi akisema moja linatosha, mbishie.